Mwanafunzi Mbele ya Chelezo

Kila mwanafunzi wangu aliyebahatika kufika Paris amerudi na habari za picha moja tu. Nikimwuliza, "Umeona nini Louvre?" hunijibu, "Mwalimu, nimemwona Mona Lisa." Nikimwuliza yukoje, husita kidogo, kisha husema kwamba ni mdogo kuliko alivyodhani, na kwamba watu walikuwa wengi mno. Siku hizi huongeza kunionyesha simu, na ndani ya simu hiyo naona visogo vya watu, mikono iliyoinuliwa, simu nyingine zinazopiga picha, na kule mbali, nyuma ya kioo, kitu cha rangi ya kahawia. Hiyo si habari ya picha. Ni habari ya foleni.

Sina ugomvi na Leonardo da Vinci. Kazi yake ni njema, na yule mama aliyemchora anastahili kutazamwa kwa utulivu ambao hawezi kuupata tena. Ni ubao wa sentimita 77 kwa 53, kiasi cha kuutundika juu ya kabati la vyombo nyumbani bila kuhamisha saa ya ukutani. Lakini umaarufu wake wa leo hautokani na brashi peke yake. Agosti 1911 fundi mmoja wa Kiitaliano, Vincenzo Peruggia, aliiba ubao huo, na kwa zaidi ya miaka 2 haukujulikana uliko, hadi ulipopatikana Florence mwezi Desemba 1913. Baada ya wizi ule watu walipanga mstari Louvre ili kutazama mahali patupu ukutani. Naomba msomaji alipime jambo hilo kabla hatujaendelea: watu wazima, wenye akili zao, wanasukumana kuutazama ukuta. Na leo, mkabala na Mona Lisa, imetundikwa picha ya arusi ya Kana aliyoichora Veronese mwaka 1563, yenye kimo cha karibu mita 7 na upana wa karibu mita 10, ambayo askari wa Napoleon waliitwaa mwaka 1797 kutoka chumba cha kulia cha watawa wa Venice. Wageni maelfu kwa maelfu huipa mgongo kila siku. Januari 2025 Rais wa Ufaransa alitangaza kwamba Mona Lisa atatengewa chumba chake mwenyewe. Pengine hapo Veronese naye atapata wa kumtazama.

Picha ninayotaka kuizungumzia iko katika jumba hilo hilo. Niliiona kwa macho yangu mara moja tu, mwaka 1977, nikiwa mwanafunzi. Tangu hapo nimeishi na nakala zake. Nataka kueleza kwa nini naiweka juu ya nyingine zote nilizoziona siku ile, na pia mahali ninapoitilia shaka, maana sifa isiyo na shaka ndani yake ni ya kwenye sherehe za kuagana, si ya uhakiki.

Nilikuwa na umri wa miaka 27, mwalimu niliyepelekwa Uingereza kwa masomo ya elimu. Likizo ya Pasaka ilipofika, mimi na mwenzangu mmoja Mkenya tulikusanya vijisenti vyetu tukaenda Paris kwa siku mbili. Tulipanda treni London, tukavuka bahari kutoka Dover hadi Calais usiku, na bahari usiku ule ilikuwa imechafuka. Mwenzangu alikuwa mtu wa milimani, Nyeri, na ingawa sitaeleza hali yake ndani ya meli, nitasema tu kwamba alifika Ufaransa akiwa ameapa kurudi Uingereza kwa miguu. Yeye alitaka kuuona mnara wa Eiffel. Mimi nilitaka Louvre. Tukagawana siku: ya kwanza yake, ya pili yangu.

Louvre ya wakati ule haikuwa na ile piramidi ya kioo ambayo leo kila mgeni huipiga picha. Hiyo ilifunguliwa mwaka 1989. Ubavu mzima wa jumba ulikuwa bado mikononi mwa Wizara ya Fedha, na makarani walifanya hesabu za nchi ukuta mmoja na hazina za wafalme. Kwa mtu aliyezoea makumbusho yenye vyumba vichache, ukubwa wa mahali pale unachosha miguu kabla haujachosha macho. Baada ya saa mbili mgeni huwa haoni tena; hupita tu. Watakatifu wanafanana, wafalme wanafanana, farasi wanafanana. Nasema haya kwa sababu ni sehemu ya uhakiki wenyewe: picha inayoweza kumsimamisha mtu aliyekwisha kuchoka imefanya kazi ambayo picha ya kitabuni haiwezi kujaribiwa nayo.

Iliyotusimamisha ilikuwa *Chelezo cha Méduse* ya Théodore Géricault. Ina kimo cha karibu mita 5 na upana wa zaidi ya mita 7. Mbele yake mtu hatazami kama anayechungulia dirishani. Ukingo wa chini wa picha uko karibu na miguu yako, maiti zimelala pale unapotaka kukanyaga, na maji yanaonekana kama yatakuja kukulowesha viatu. Mwenzangu alisimama kitambo, kisha akanigeukia na uso wa mtu aliyedhulumiwa: "Bwana, ina maana tumevuka bahari ile yote kuja kutazama watu wanaozama?" Mlinzi alitukazia macho kwa kucheka kwetu.

Kisa chenyewe ni cha kweli. Mwaka 1816 manowari ya Kifaransa iitwayo Méduse iliondoka Ufaransa kwenda Saint-Louis, Senegal, kulipokea koloni lililokuwa likirudishwa na Waingereza. Ilibeba kiasi cha watu 400, gavana mpya akiwa miongoni mwao. Nahodha wake, Hugues Duroy de Chaumareys, alikuwa hajafanya kazi ya maana baharini kwa zaidi ya miaka 20. Alipewa cheo kwa sababu alikuwa mtiifu kwa ufalme uliorejeshwa madarakani. Tarehe 2 Julai alikwamisha meli kwenye fungu la Arguin, pwani ya Mauritania, siku ya mwanga na bila tufani. Mashua hazikutosha. Wakubwa wakaingia mashuani, na wengine wapatao 147 wakapakiwa juu ya chelezo kilichoungwa kwa milingoti na mbao, kikivutwa kwa kamba. Baada ya muda mfupi kamba zikaachiwa. Kwa siku 13 watu wale walielea na mapipa ya mvinyo na chakula kisichofaa kutajwa kuwa chakula. Wakauana, wakatupana, na mwisho wakala nyama za wenzao. Meli iitwayo Argus ilipowakuta, walikuwa wamebaki 15, na 5 kati yao walikufa muda mfupi baadaye. Nahodha alihukumiwa kifungo cha miaka 3.

Manusura wawili, Savigny aliyekuwa daktari na Corréard aliyekuwa mhandisi, waliandika kitabu. Géricault alikuwa kijana wa miaka 20 na kitu. Aliwahoji, akamtafuta seremala wa meli aliyenusurika amtengenezee mfano mdogo wa chelezo, akaenda hospitalini kuchora wagonjwa na wafu, akanyoa nywele ili asishawishike kutoka nje, akajifungia kwa miezi. Rafiki yake Delacroix, ambaye naye baadaye angekuwa mchoraji mkubwa, alikaa achorwe kama mmoja wa walioanguka kifudifudi. Picha ilipoonyeshwa Paris mwaka 1819, haikuandikwa jina la Méduse bali jina la jumla tu, tukio la meli kuvunjika. Haikumdanganya mtu. Kila aliyeingia alijua ni meli gani na ni serikali gani.

Sasa niseme nilichokiona mimi kwanza, nacho si kile ambacho kijitabu chetu cha mwongozo kilituelekeza. Mimi ni mtoto wa Pangani. Wajomba zangu walikuwa mabaharia wa majahazi, na kabla sijajua kusoma nilijua kutazama tanga. Basi nilipoinua macho nilitazama tanga la chelezo, lililofungwa upande wa kushoto, na nikaona limejaa upepo. Nikatazama linakoelekea. Kisha nikafuata mikono ya wale watu wanaopunga kuelekea upande wa kulia, hadi kwenye mstari wa mbali kabisa wa bahari, na hapo nikaiona Argus, kadoa kadogo kama mdudu. Upepo unawapeleka kushoto. Wokovu uko kulia. Kila pumzi inayolijaza lile tanga inawaondoa mbali na meli wanayoiita, na upande ule wanakopelekwa wimbi kubwa limeinuka likiwangoja.

Kwangu hapo ndipo lilipo jambo lote. Picha ina mwendo wa aina mbili unaopingana. Miili inapanda kutoka kona ya chini kushoto, kutoka kwa wafu kwenda kwa waliolala, kwa waliopiga magoti, kwa waliosimama, mpaka kwa mtu mmoja aliyepanda juu ya pipa akipunga kitambaa. Hiyo ni ngazi ya watu, inayokwenda kulia na juu. Mlingoti na kamba zake zinafanya ngazi nyingine, na hiyo inavuta kushoto. Mtazamaji ambaye hajui habari za tanga atauona mvutano huo bila kujua unatoka wapi. Atahisi tu kwamba matumaini ya watu wale hayako salama. Atakuwa amehisi sawasawa. Manusura walieleza kwamba Argus ilipoonekana mara ya kwanza ilitoweka tena, na iliwarudia baada ya kama saa mbili. Hakuchora kuokolewa. Alichora mwanzo wa zile saa mbili.

Sisi tuliofundisha uhakiki katika vyuo vyetu vya ualimu tulilelewa na maswali mawili: fani ni ipi, maudhui ni yapi? Mwanachuo huchora mstari katikati ya ukurasa, upande huu akaandika fani, upande ule maudhui, na chini, kwa kalamu nyekundu ikiwezekana, akaandika "Ujumbe". Nimesahihisha kurasa za namna hiyo kwa miaka mingi, na sizidharau. Mtoto lazima aanzie mahali. Lakini ubaya wake ni kwamba ujumbe hutafutwa kabla kazi haijatazamwa. Mpe mwanachuo kisa cha Méduse naye atakuandikia mara moja: msanii analaani upendeleo katika kugawa vyeo, msanii analaani unyonge wa wengi chini ya wachache. Kweli tupu. Ila nenda ukaitafute laana hiyo kwenye picha. Nahodha hayumo. Mfalme hayumo, gavana hayumo, mashua hazimo, kamba iliyoachiwa haimo. Kilichomo ni tanga lililojaa upepo usiofaa. Mstari wa katikati ya ukurasa hauwezi kuligawa tanga lile, kwa sababu ukisema ni fani umesema pia maudhui.

Dosari ipo, na si ndogo. Watu waliokaa siku 13 juu ya maji, wakilamba mvinyo na kutafuna ngozi, hawawi na vifua vya wachukuzi wa bandarini. Mgongo wa kila mtu pale umejaa, mapaja yamejaa, na hata maiti zina afya. Wako wanaomtetea mchoraji kwa kusema alitaka kuwapa heshima ya mashujaa wa kale. Siukubali utetezi huo. Mtu huyu alichora hospitalini vichwa na viungo vya wafu kwa ukweli unaotisha. Alijua mwili unavyokwisha. Ila mafunzo yake yalimtaka mwili mzuri, na alipofika kwenye turubai kubwa aliutii mkono uliofunzwa badala ya macho yaliyoona. Njaa imeondolewa kwenye picha ya njaa. Huzuni iko kwenye nyuso na mikao, na rangi yenyewe ya miili, ya kijivu na kijani, inajitahidi kurudisha kilichoondolewa. Mzee aliyemshika kijana aliyekufa mapajani ananishawishi kabisa, lakini ukimkata kijana yule umweke peke yake, angeweza kuwa mvuvi aliyelala mchana.

Nafika kwa yule aliye juu ya pipa. Ni mtu mweusi, na ndiye kilele cha picha nzima. Hakuna taarifa ya manusura iliyomlazimisha Géricault kumweka pale. Ni uamuzi wake, na ulifanywa miaka ambayo biashara ya watumwa, ingawa Ufaransa ilikwisha kuikataza kwa maandishi, ilikuwa ikiendelea katika bahari hiyo hiyo, na utumwa wenyewe katika makoloni yake ulikuwa bado na miaka karibu 30 ya kuishi, hadi 1848. Kabla hajafa alianza kuandaa picha kubwa nyingine, ya biashara ya watumwa, akaacha michoro tu. Alifariki Januari 1824 akiwa na miaka 32. Kwa hiyo sina shaka na nia yake.

Lakini mtu yule ametupa mgongo. Mwaka 1977, katika vyumba vyote vile nilivyopita, watu weusi niliowaona ukutani walikuwa wakishika sinia, au hatamu za farasi, au mwavuli juu ya kichwa cha mtu mwingine. Hatimaye nakutana na mmoja aliyewekwa juu ya wote, na sipewi uso wake. Mwenzangu wa Nyeri alilisema kabla yangu: "Wamempandisha juu, halafu wakamgeuza." Tulibishana hapo hapo, kwa Kiswahili, tukijua hakuna anayetusikia. Nilimwambia, na bado nasema hivyo, kwamba amsome mzee wa upande wa kushoto. Mzee yule ndiye anayetuonyesha uso waziwazi kuliko wote, na yeye ndiye aliyekata tamaa. Amekaa na maiti mapajani, hataki hata kugeuka kutazama kuna nini baharini. Katika picha hii wanaotugeukia sisi ni waliokwisha kuacha kutazama mbele. Wenye tamaa ya kuishi wanatazama kule. Kumpa mtu mgongo hapa ni kumpa macho. Na sisi tunaosimama sakafuni tunajikuta tumepangwa nyuma yake, wa mwisho katika mstari, tukitazama anakotazama yeye.

Mwenzangu akasema, "Sawa. Basi niambie anaitwa nani."

Sikuwa na jibu siku ile kwa sababu kijitabu hakikulitaja, baadaye nililipata. Aliyekaa achorwe aliitwa Joseph, mzaliwa wa Saint-Domingue, ambayo leo ni Haiti, mwanasarakasi aliyegeuka kuwa mtu wa kuchorwa katika vyumba vya wachoraji wa Paris. Joseph, basi. Jina la baba halikuandikwa. Delacroix amelala kifudifudi pembeni mwa picha ile na tunayo majina yake yote, tarehe zake zote, na jumba la makumbusho lenye jina lake mjini humo. Joseph amesimama kileleni na tuna jina moja, kama la mtumishi anayeitwa kutoka jikoni.

Louvre inamiliki picha nyingine inayofaa kuwekwa kando ya hii, nami naisema kwa kuitazama nakala. Marie-Guillemine Benoist, mwanamke aliyefunzwa na David, aliionyesha mwaka 1800: mwanamke mweusi ameketi kwenye kiti, kilemba cheupe kichwani, nguo nyeupe imeshushwa hadi ziwa moja liko wazi, utepe mwekundu kiunoni, shali ya buluu imetupwa kitini. Ilichorwa miaka 6 baada ya Ufaransa kufuta utumwa na miaka 2 kabla Napoleon hajaurudisha. Huyu tunapewa uso wake, tena ni uso wenye akili na tahadhari, unaokutazama bila kukuomba kitu. Kwa ufundi wa ngozi na kitambaa Benoist anamshinda Géricault. Ile kazi ya weusi juu ya weupe ni ngumu kuliko inavyoonekana. Lakini mwanamke yule hakuwa mwenye kuagiza picha, na ziwa lile linasema hivyo kwa sauti kuliko utepe unavyosema habari za uhuru. Kwa zaidi ya miaka 200 picha iliitwa kwa neno la Kifaransa la kumtaja mwanamke kwa rangi yake, neno ambalo leo ni tusi. Mwaka 2019 tu, katika maonyesho ya jumba la Orsay, ndipo iliposomeka kuwa ni picha ya Madeleine, mtumishi aliyetoka Guadeloupe na shemeji wa mchoraji. Tena jina moja.

Nikilazimishwa kuchagua, nachagua chelezo. Benoist alimtazama mtu mmoja vizuri sana, lakini alimketisha atazamwe. Géricault alimpa Joseph kazi ya kufanya. Uhai wa wote waliomo uko kwenye mkono ule, na hakuna yeyote katika picha anayelishangaa hilo: mmoja amemshika asianguke, wengine wanamsukuma juu. Ni jambo la kawaida kabisa kwao kwamba mwenye macho na mkono mrefu apande. Usawa wa namna hiyo, unaotokea bila mtu kuutangaza, sikuuona ukutani kwingine siku ile.

Nakala yangu niliinunua dukani mwa jumba, karatasi isiyozidi ukubwa wa daftari mbili zilizofunguliwa, nikaibeba ndani ya gazeti hadi Dar es Salaam. Ilikaa kwenye ukuta wa ofisi yangu chuoni kwa miaka yote niliyokuwa mkuu, na nilikuwa nikiitoa kwa vipindi vya sanaa. Wanachuo waliipokea kwa adabu. Mwaka 1996 hawakuipokea kwa adabu. Tarehe 21 Mei mwaka huo MV Bukoba ilikuwa imepinduka katika Ziwa Victoria karibu na Mwanza, ikiwa imebeba watu kupita kiasi, na mamia ya watu walikufa. Nilikuwa na wanachuo kutoka Kagera na Mwanza. Wengine walikuwa wamezika. Nilifikiria kutoitoa muhula ule. Waliiomba wenyewe, kwa sababu wenzao wa mwaka wa mbele walikwisha kuwasimulia.

Sikuwauliza habari za ujumbe. Niliwaomba watazame, wasiandike. Binti mmoja alitazama muda mrefu kuliko wengine, kisha akauliza, "Mkuu, nahodha yuko wapi?" Nikamwambia yuko kwenye mashua. Akatikisa kichwa taratibu, akarudi kwenye kiti chake, na wala hakuuliza kingine kipindi kizima. Mwenzake wa kiume, aliyekaa nyuma, alikuja mbele, akainama hadi pua ikakaribia karatasi, akafuata mkono wa Joseph kwa kidole mpaka ukingoni.

"Samahani, Mkuu," akasema. "Huyu anampungia nani? Mbona huko hakuna kitu?"

Alikuwa sahihi. Uchapaji wa nakala ile haukuweza kuibeba Argus. Ilikuwa imeyeyuka ndani ya rangi ya anga, na kwa karibu miaka 20 nilikuwa nikiiona kwa sababu nilijua iko. Wanachuo wote waliotangulia walikuwa wametazama watu wanaopungia bahari tupu, na hakuna aliyethubutu kumwambia mkuu wa chuo. Nikatoa kalamu mfukoni, nikampa, nikamwonyesha mahali. Akaweka kitone kimoja cha wino, kidogo sana, kisha akarudi nyuma hatua tatu kuona kama kinaonekana.